Bolti za Kiti cha Nyuma

Watu wakitafuta gari huuliza limetembea maili ngapi, injini imefunguliwa mara ngapi, linakula mafuta kiasi gani. Rosa Adero hayo yote alimwachia fundi. Yeye alimsubiri mwenye gari amalize kulisifu, akamtazama usoni, ndipo akauliza swali lake moja: "Hii gari imewahi kubeba maiti?"

Walimcheka kuanzia Kisumu mpaka Port Victoria. Na walikuwa na haki ya kucheka. Kutafuta Landrova isiyobeba maiti katika mwambao wetu wa ziwa, mwaka ule wa 1990, kulikuwa sawa na kutafuta sufuria isiyowahi kuona moto. Kwetu mtu hazikwi mjini. Ukifia Kisumu au Nairobi, hata ukifia Mombasa, ni lazima urudi ukalale kwenu, na njia ya kwenu ina matope. Kwa hiyo gari lolote kubwa lenye nguvu ni la marehemu kwanza, kisha la mwenyewe. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na sijaona mwenye akili timamu aliyeivunja akaachwa salama.

Rosa alikuwa mkunga. Alizalisha katika hospitali ya mjini miaka ishirini na miwili, akastaafu mapema, akafungua kliniki ya vyumba viwili Pap Onditi, huko Nyakach, upande wa kina mume wake. Watu walimwita Sista, kama wanavyowaita wauguzi wote. Mume wake, Zadock Ogola, alikuwa karani wa reli na alikuwa na ugonjwa wa sukari, hakuweza kukaa mbali na daktari wake. Ndiyo maana Rosa alilala Kisumu na kufanya kazi Pap Onditi, kwenda asubuhi na kurudi jioni, siku sita kwa wiki. Alihitaji gari la kila siku, tena gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, maana kuanzia Katito kwenda ndani udongo ni mweusi, na mvua ikinyesha unashika mguu wa mtu haumwachi.

Lakini swali lile la maiti lilikuwa na chanzo chake. Katika mvua za kwanza za kliniki, mwanamke mmoja alianza kutokwa na damu mtoto akiwa bado tumboni. Pikapu ya jirani ilikuwepo, na dereva wake alikuwepo. Lakini Jumamosi iliyotangulia pikapu hiyo ilikuwa imeleta maiti kutoka mjini. Mama mkwe wa yule mgonjwa akasimama mlangoni akatandaza mikono yake miwili. "Mtoto wetu hatapitia kwa gari ya kifo," akasema. Wakamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na kabla hawajafika Katito alikuwa amekwisha kufa. Rosa ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

Alimchukia yule bibi kwa wiki nzima. Kisha hasira ilipopoa akajiambia kwamba hawezi kubishana na kila mama mkwe wa Nyakach. Wanawake hawa wana hofu yao, na wana haki ya kuwa nayo. Atakachofanya ni kuwatafutia gari ambalo hawataliogopa. Pesa za kustaafu zilikuwepo benki. Alidhani kazi itamchukua mwezi mmoja, ikamchukua mwaka na nusu.

Fundi wake alikuwa Wepukhulu, mtu wa Bungoma, aliyekuwa na gereji yake Nyalenda karibu na mfereji wa maji, mahali ambapo wanawake wa foleni walikalia mitungi yao huku wakimpa ushauri juu ya injini asizowauliza. Alikuwa mfupi, mpole, mwimbaji wa nyimbo za kanisa. Wakienda kuangalia gari alibeba bisibisi, kioo kidogo cha kunyolea na kitambaa. Hakuhitaji zaidi.

Waliambiwa Port Victoria kuna Landrova safi kabisa. Wakaenda. Rangi iling'aa mpaka Rosa akajiona usoni kwenye mlango. Wepukhulu hakuitazama rangi. Alilala chini ya gari, akasukuma bisibisi kwenye chesisi, nayo ikazama mpaka kwenye mpini. Gari lilikuwa limebeba samaki miaka minane, na maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yamekula chuma polepole huku juu wakipaka rangi.

"Hiyo ni kutu ya juu juu tu," mwenye gari akasema.

"Juu juu gani, Bwana, na mimi kwa hii shimo naona nyasi?" Wepukhulu akamjibu akiwa bado chini.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mwaka ule vibaya vyote vilitembezwa mpaka kwenye gereji ya Wepukhulu. Upande wa Siaya walionyeshwa gari la parokia lililokuwa zima, injini yake inanguruma kwa adabu. Rosa alipouliza swali lake, katekista akafurahi. "Maiti? Sista, hii imesindikiza Wakristo zaidi ya mia mbili," akasema, akiligonga boneti kwa fahari.

Ndipo Wepukhulu akamfundisha Rosa ujanja wa ufundi wake. Mtu anaweza kudanganya, akamwambia, lakini kiti cha nyuma hakidanganyi. Sanduku la maiti ni refu. Ili liingie ni lazima viti ving'olewe, na kiti hakiwezi kung'oka bila spana. Kwa hiyo tazama vichwa vya bolti. Ikiwa rangi ya kiwandani bado imevifunika, hakuna aliyevigusa. Ikiwa vimechubuka na vinang'aa, jua kuna mtu alilala hapo asiyehitaji kiti.

Ujanja huo uliwafaa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekuwa na Landrova nzuri kupita zote walizoziona. Mzee yule aliapa kwa jina la Mungu na la watoto wake kwamba gari halijawahi kubeba maiti. Wepukhulu akazunguka nyuma, akapangusa kwa kitambaa, akaweka kioo. "Sista, kuja uone." Bolti zote nane zilikuwa zimechubuka, na kwenye pembe ya sakafu kulikuwa na tone la nta ya mshumaa.

Rosa alimgeukia mwenye gari kwa hasira. "Mzee, umeapa kwa Mungu!"

"Hiyo ilikuwa mama yangu," mzee akasema. Hakuona haya hata kidogo. "Mama yangu si maiti."

Rosa aliondoka pale akiwa amekasirika, na njiani alicheka na Wepukhulu juu ya jambo hilo. Miaka ilipopita aliacha kucheka.

Gari alilipata kwa Mzee Tom Amolo, mkaguzi wa shule mstaafu aliyeishi Milimani peke yake. Lilikuwa Landrova ya mwaka 1980, ndefu, ya kijani, na tangu itoke dukani haikuwahi kuwa na mwenyewe mwingine. Wepukhulu alilala chini yake karibu nusu saa. Alipotoka, kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kejeli. Chesisi ilikuwa ngumu, oili safi, na mipira ya pedali haikuliwa zaidi ya maili zilizosomeka. Akafungua mlango wa nyuma, akapangusa, akamwita Rosa kwa kidole. Rangi ya kiwandani ilikuwa imezifunika bolti zote nane, na hata vumbi lililokuwa kwenye nyufa zake lilikuwa la zamani.

Wakaketi sebuleni. Viti kumi na viwili vilikuwa vimepangwa ukutani, vitambaa vya kufuma vimetandazwa juu ya kila kimoja, na hakuna kitambaa kilichokuwa na kunyanzi. Rosa aliuliza swali lake, ingawa jibu alikuwa ameshaliona.

"Hata moja," Mzee Amolo akasema.

"Hata ya nyumbani kwenu?"

"Waliniomba mara sita, na mara sita nikakataa. Ya saba hawakuja tena."

"Na mke wako, Mzee?"

"Yeye nilimkodia lori."

Hapo ndipo Rosa alipopaswa kusimama na kuaga. Mimi ningesimama. Lakini mtu aliyetafuta kitu mwaka na nusu, akikiona, masikio huziba. Mawazo yake yalikuwa bado kwenye bolti.

"Nyar Alego, una watu?" mzee akauliza. Alimwita binti wa Alego, kwa jina la kwao alikozaliwa, kama wazee wafanyavyo.

"Wengi, Mzee. Kwa mume wangu ni boma nzima."

"Basi utachagua. Hii gari ama hao watu."

Rosa akacheka. Alidhani ni maneno ya mzee mpweke anayeona uchungu kuuza gari lake. Mzee Amolo hakumpa ufunguo mkononi. Aliuweka mezani na kumwacha auchukue mwenyewe.

Jumapili iliyofuata walilipeleka nyumbani likaombewe, maana kwetu gari jipya halianzi kazi bila sala. Boma lote lilikuja. Gordon Obiero, ndugu wa Zadock kwa baba, mtoto wa mke mdogo, ndiye aliyekuwa akishika mambo ya ukoo. Alilizunguka gari mara tatu, akalipigapiga ubavuni kama mtu anayenunua fahali. "Sasa tuna gari," akawaambia watu, nao wakashangilia.

Rosa akaona ni afadhali alitoe jambo lake mapema. Alisimama mbele ya wazee, akasema kwa heshima kwamba gari hili ni la akina mama wanaojifungua, na kwa sababu ya hofu ya akina mama hao, halitabeba maiti, iwe ya nani. Mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Walidhani anatania. Gordon hakucheka.

"Yuora," akasema, akimwita shemeji kwa Kijaluo, "kifo haiombangi ruhusa."

Miaka miwili ilikuwa mizuri, na nikiifupisha ni kwa sababu raha haina mengi ya kusimulia. Rosa aliliosha gari kila jioni kwa mkono wake. Jumamosi Wepukhulu alilipaka grisi. Wanawake wa Pap Onditi walimtuma mmoja wao mzee akague nyuma, naye akainama, akaziona bolti, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na tangu hapo wakapanda. Hakuna mama aliyefia njiani. Zadock alikuwa akimngoja mlangoni jioni na kumwuliza, "Leo tumezaa wangapi?" Alisema "tumezaa" kana kwamba na yeye alikuwepo.

Mwaka 1993, mvua za Aprili zikiwa zimeshika, Mama Seline akafa hospitalini Kisumu. Huyu alikuwa mama mzazi wa Gordon na mama mdogo wa Zadock. Rosa alipoletwa bibi arusi, ni Seline aliyemwonyesha jiko, akamfundisha kupika samaki wa kukausha kwa maziwa, akamficha siku alipounguza ugali wa wageni. Rosa alimpenda. Wiki zake za mwisho alimwogesha mwenyewe wodini.

Gordon akaja mjini, kwenye nyumba ya reli waliyoishi Zadock na Rosa, siku ya Alhamisi. Hakuketi. "Kesho tunatoa Mama mochari. Nimekuja kwa ajili ya gari."

"Yuora, pole sana. Lori nitalipa mimi, na sanduku nitalipa. Kila kitu nitalipa."

"Sikuja kuomba lori."

"Huko Pap Onditi kuna mke wa mwalimu Khaemba, yule wa Bungoma, anaitwa Nekoye. Mtoto amekingama tumboni, na siku zake zimefika. Nikibeba Mama kesho, huyo msichana hatapanda keshokutwa. Nitamwambia nini?"

"Na mimi mama yangu nitamwambia nini?"

Zadock, kutoka kwenye kiti chake, akasema polepole, "Rosa, ni Mama."

Rosa alilia, lakini alikataa. Aliamini kabisa kwamba Seline mwenyewe, angeulizwa, angesema gari liende kwa mwenye mimba. Huenda ilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba marehemu haulizwi, na walio hai hawasahau.

Akalipa lori. Ijumaa asubuhi, wakati lori linatoka mochari, Rosa alikuwa tayari Pap Onditi, maana Nekoye alikuwa ameshikwa na uchungu. Alipompima alikuta mkono mdogo wa mtoto umetangulia. Kilichobaki ni upasuaji, na upasuaji uko mjini. Wakamlaza Nekoye nyuma, Khaemba akiwa amempakata kichwa, Rosa akashika usukani.

Karibu na Katito wakalikuta lori. Lilikuwa limezama matopeni mpaka ekseli, limeinama upande mmoja. Watu walikuwa wameteremsha jeneza la Seline na kuliweka juu ya majani ya migomba kandokando ya njia, na wanaume wanakunja suruali walibebe begani. Waliposikia mlio wa Landrova wakageuka wote. Baadhi ya wanawake wakainua mikono kwa furaha, wakidhani Rosa amebadili moyo.

Hakuweza kusimama. Ukisimamisha gari kwenye udongo ule ukiwa na mgonjwa, unaweza kulala hapo. Aliweka gia ya chini, akashikilia usukani kwa nguvu zake zote, akapita. Magurudumu yakarusha matope, na matope yakaangukia jeneza. Aliona kwenye kioo Gordon amevua koti lake, analipangusia jeneza.

Mtoto wa Nekoye alipona, na mama yake akapona. Khaemba alimpigia Rosa magoti kwenye ukumbi wa hospitali, watu wakitazama. Rosa alimwinua, lakini alichokuwa akiona ni lile koti.

Hakuna aliyekuja kumtukana. Afadhali wangekuja. Waliacha tu. Mikutano ya boma ilifanyika na wao wakaisikia sokoni. Mtoto wa binamu alipooa, Zadock alipata habari kwa muuza magazeti. Gordon aliacha kumwita Rosa yuora, akawa anamwita Sista, kama wagonjwa. Na Zadock, ambaye hakukataa chochote, aliadhibiwa kuliko mwenye kukataa, maana ndugu ni wake. Wale waliokuwa wakipita nyumba ya reli kunywa chai wakija mjini waliacha kupita. Jioni hakuuliza tena wangapi wamezaliwa. Siku moja tu alisema, bila kumtazama, "Umenifanya mgeni kwetu." Rosa alikuwa anamchoma sindano ya dawa. Akamaliza kuichoma, akapangusa mahali pale kwa pamba, akaenda jikoni kulia.

Mwaka 1995 sukari ikampanda Zadock na haikushuka. Alikufa Jumanne mchana.

Rosa alituma ujumbe nyumbani. Jibu likarudi: wamesikia. Hawakusema zaidi. Binti yao wa pekee, Elsie, alikuwa akifanya kazi Mombasa na angefika Jumamosi, siku ya kuzika. Wenzake Zadock wa reli pia waliahidi Jumamosi. Lakini mwili huletwa siku moja kabla, ulale kwake. Rosa alifikiria kukodi lori, na alipofikiria lori akaona majani ya migomba na matope. Akaona pia viti kumi na viwili vya Mzee Amolo, visivyokaliwa na mtu. Asubuhi ya Ijumaa akaliendesha gari mpaka Nyalenda.

"Fungua kiti cha nyuma," akamwambia Wepukhulu.

Fundi akamtazama. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote. "Sista, wale wanawake..."

"Najua. Fungua."

Bolti zilikataa. Miaka kumi na tano hazikuwa zimeguswa, na zilikuwa zimeshikana na chuma. Wepukhulu alimwaga oili, akangoja, akachomeka bomba kwenye spana apate nguvu. Kila moja ilipoachia ililia, na Rosa alisikia zote nane.

Wafanyakazi wa mochari walilisukuma jeneza ndani. Mama wawili wa kanisani, wote wazee, wakapanda kando yake wakaimba njia nzima. Waliingia bomani saa tisa. Wanaume walikuwepo, zaidi ya ishirini, wameketi kwenye benchi ukutani mwa nyumba ya Gordon. Hakuna aliyesimama. Hata wanawake hawakupiga kite. Rosa aliteremka, akafungua mlango wa nyuma, akamwendea Gordon, akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi.

"Yuora, nimekosa. Hayo tutaongea. Sasa nisaidie kushika upande moja."

Gordon alikuwa akichora chini kwa kijiti. "Sista, si ulituambia hii gari haibebi maiti? Basi hapo ndani hakuna maiti. Sisi tushike nini?"

Kuna maneno ambayo mtu huyatunza miaka miwili akisubiri siku yake. Rosa alisimama, akarudi kwenye gari. Mama wale wawili walisukuma kutoka ndani, yeye akashika mbele, peke yake. Jeneza lilikuja taratibu, kisha likaja ghafla, kona yake ikaukwaruza mlango kutoka juu mpaka chini kwa sauti ambayo kila mtu kwenye benchi aliisikia. Lingemwangukia kama mikono miwili isingetokea kulidaka. Alikuwa Khaemba, amekimbia kutoka shuleni, chaki bado imo vidoleni.

Asubuhi kaburi lilikuwa halijachimbwa. Mzee mmoja wa ukoo alikuja akapiga jembe mara moja kuonyesha mahali, kwa kuogopa laana, akaondoka. Aliyechimba ni Khaemba na walimu wawili, na Wepukhulu aliyefika na basi la kwanza. Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Siku hiyo waliozaliwa naye walikaa kwenye benchi, na watu wa Bungoma wakamchimbia Mjaluo kaburi nyumbani kwao. Gordon alikuja mwishoni, akatupa konzi yake moja ya udongo, akaondoka bila kula. Elsie alimwuliza mama yake watu wa baba wako wapi.

Wepukhulu alirudisha viti, akazipaka bolti rangi bila kuombwa. Mchungaji aliliombea gari na kulinyunyizia maji. Haikusaidia kitu, maana Pap Onditi yote ilikuwa imeona. Mgonjwa wa kwanza aliyehitaji kupelekwa mjini alifika mpaka mlangoni, akasema anajisikia nafuu. Wa pili alitembea. Wiki zikapita, gari likienda na kurudi na mkunga mmoja ndani yake.

Kisha Nekoye akapata mimba ya pili, na siku yake ilipofika akahitaji upasuaji tena. Rosa mwenyewe alimfungulia mlango wa mbele, si wa nyuma. Nekoye alisimama, mkono juu ya tumbo, mkono mwingine umemshika mwanawe aliyezaliwa siku ile ya lori.

"Mama, usikasirike," akasema, machozi yakimtoka. "Si wewe. Baba Zadock alikuwa mtu mzuri. Lakini mimi naogopa."

Khaemba alitazama chini. Mtu aliyemchimbia Zadock kaburi hakuweza kumwamuru mke wake apande. Wakaita baiskeli ya boda, wakaweka mto kwenye keria, na huko Katito wakapata pikapu. Hakuna aliyeuliza pikapu ile ilibeba nini juzi. Nekoye alijifungua salama, na Rosa alimshukuru Mungu kweli kweli. Lakini jioni ile, akiwa peke yake barabarani na kiti kitupu kando yake, alipiga usukani kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Alikuwa amewakataa watu kwa ajili ya akina mama, na amewapoteza akina mama kwa ajili ya mtu mmoja. Na kwa yule mmoja hakujuta, jambo ambalo lilimuumiza zaidi, maana Gordon naye alikuwa ameomba kitu hicho hicho kwa ajili ya mama yake.

Alitangaza kuliuza. Mwaka 1996 akaja kijana wa Port Victoria, mnunuzi wa samaki, na fundi wake mwenye bisibisi. Fundi akalala chini, akadunga, akatoka akitingisha kichwa kwa mshangao.

"Mama, hii gari imetunzwa," kijana akasema. "Sijaona gari imetunzwa namna hii."

"Una watu?" Rosa akamwuliza.

"Watu? Wengi, mama, mpaka wananisumbua. Kila Jumamosi ni matanga."

"Wabebe. Usikatae hata mmoja."

Kijana akacheka, kwa heshima, kama mtu anavyocheka maneno ya wazee. Rosa aliuweka ufunguo juu ya boneti. Kijana aliuchukua, akazunguka mara ya mwisho, na nyuma akasimama. Alikuwa ameuona mkwaruzo mlangoni, mrefu, kutoka juu mpaka chini. Akapitisha kidole.

"Sasa hapa, mama? Si utanipunguzia kidogo kwa sababu ya hii?"

Rosa akampunguzia. Hakuona jinsi ya kumweleza mtu anayenunua gari kwamba hapo ndipo mume wake aliposhukia nyumbani kwao, wanaume zaidi ya ishirini wameketi, na yeye amekosa mmoja wa kumshikia upande wa pili.